ANTI NIJIBU: Ile bustani ya Tokyo niende au niiache?

Mbukwenyi wasomaji wangu. Mwezi huu meseji ni nyingi mno ila kuna moja imenikaa kifuani tangu siku niliyoifungua, kwaiyo nimeipa nafasi kubwa, nyie wa mambo ya vikoba na wakwe mnivumilie mpaka toleo lijalo.

*Shikamoo Anti. Mi ni mtumishi hapa Mtumba, mwakani mwezi wa tatu naenda Japani kozi ya miezi mitatu, ndo mara yangu ya kwanza kupanda ndege. Hosteli yetu iko upande wa magharibi wa Tokyo na nimeambiwa jirani hapo kuna bustani kubwa ya wazi inaitwa Inokashira, cheri zikichanua watu wanajaa. Nikaweka kwenye grupu la familia kwa furaha zangu, binamu yangu akajibu palepale, we hujui kama hiyo ndo bustani mwili wa mtu ulikutwa kwenye mapipa ya taka na aliyefanya hajulikani mpaka leo? Toka siku hiyo nyumba imegawanyika. Mama anasema mahali damu ya mtu imemwagika ikaachwa tu hapakanyagwi, nitarudi na kisirani. Binamu yeye anataka niende nimpigie picha palepale, ana chaneli yake ya habari za mauaji. Mi nilitaka tu kuona maua na maji, sasa nikijifikiria nimekaa pale natafuna karanga roho inasita. Je ni kosa kwenda? Na hiyo kesi ni ya kweli au maneno ya watu tu?*
*Msafiri, Mtumba*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa safari, Mungu akufikishe.

Nianze na hilo la mwisho maana usipojua ukweli utabeba stori ya binamu mpaka uwanja wa ndege. Kesi ni ya kweli. Tarehe 23 Aprili 1994, ilikuwa Jumamosi, mfanyakazi wa usafi wa ile bustani alikuta mfuko kwenye pipa, ndani yake kuna sehemu za mwili wa binadamu, polisi wakaanza kukagua mapipa mengine wakakuta mifuko zaidi. Alivyofanywa sitaandika hapa na nakuomba usikitafute, hakuna kitakachokuongezea. Ninachotaka ujue ni kwamba marehemu alikuwa msanifu majengo, mwanaume wa miaka 35, na mwili wake haukupatikana wote, kwa sababu hiyo hata madaktari hawakuweza kusema kilichomuua ni nini. Polisi wa Tokyo walihangaika miaka 15. Hawakumpata mtu. Afu tarehe 23 Aprili 2009 sheria ya kule ya wakati ule ikafunga mlango, muda wa kushtaki ukaisha. Hilo la sheria nitalirudia huko chini.

Sasa kuna kitu kimoja binamu yako hakukwambia na mimi kwangu ndo kikubwa kuliko vyote. Yule mtu alikuwa anaishi jirani na ile bustani. Yani ilikuwa bustani yake, kama wewe na hapo Nyerere Square unapokatiza jioni ukitoka kushuka kwenye daladala. Yawezekana kabisa alishakaa kwenye yale mabenchi akatazama maua hayohayo unayotaka kuyaona. Watu wakimtaja wanamtaja kwa pipa, pipa, pipa, mtu aliishi miaka 35, akasoma, akachora majengo ya watu, akakumbukwa kwa pipa la taka ambalo hakulichagua yeye. Mi hiyo inaniuma na sijawahi kumuona huyo mtu.

Kwaiyo kosa kwenda? Hapana. Nenda.

Ile bustani ilifunguliwa mwaka 1917, ilikuwa ardhi ya mfalme wao akaitoa kwa wananchi, hata jina lake rasmi limebeba maana ya zawadi ya mfalme. Ina ziwa refu la maji ya chemchemi na mto Kanda unaokatiza Tokyo unaanzia humo. Kuna hekalu dogo la Benzaiten, mungu wao wa kike wa maji na muziki, na vijana wa kule wana imani kwamba wapenzi wakipanda boti pamoja kwenye lile ziwa wataachana kwa sababu yule mungu ana wivu (unaona kila mahali kuna mama anayesema usikanyage pale). Upande wa bustani ya wanyama alikaa tembo mmoja jike, Hanako, alipelekwa Japani kutoka Thailand mwaka 1949 akiwa mdogo, nchi imetoka vitani watoto hawana cha kufurahia, akaishi mpaka Mei 2016 akafa na miaka 69, sanamu yake imewekwa nje ya stesheni ya Kichijoji ambayo ndo utashukia. Yote hayo ni ya bustani ileile. Zaidi ya miaka mia watu wamezaa na kuzeeka wakizunguka yale maji, asubuhi moja ya 1994 mtu mmoja mwovu akapafanya mahali pa kuficha alichofanya. Mi sioni kwa nini tumpe yeye bustani nzima.

Binti wa dada yangu alisoma Tokyo, kuna siku alinipigia vidio koli akiwa katikati ya daraja la lile ziwa, akageuza simu nione. Boti zenye umbo la bata maji zinapita, upepo unavuta matawi, na nyuma yake nikaona mzee mmoja kapiga goti kwenye mbao za daraja anamfunga mjukuu kamba za viatu, taratibu, anakaza, anafungua, anakaza tena, yule mtoto kamshika babu kichwani asianguke. Ndo picha niliyobaki nayo. Nikamuuliza huyu binti kama anajua habari ya 1994, akasema anajua, wenyeji wa rika la mama yake wote wanajua, hawaongelei ovyo lakini hawajasahau.

Hapo ndo nataka tukae kidogo.

Nilipokuwa mtoto, miaka ya 80, kijiji kimoja upande wa Bahi, jirani yetu alikutwa amekufa kando ya korongo, chini ya mkungugu. Alikuwa fundi baiskeli. Alipigwa kichwani. Walikuja askari wawili na Land Rover, wakauliza uliza, wakachukua kiatu chake kimoja, katambuga ya kulia ilikuwa na damu, wakaitia kwenye mfuko wa sukari wakaondoka nayo, wakasema ni ushahidi. Hawakurudi. Sitaki kutaja kituo, wale wazee wengine wameshatangulia mbele ya haki. Mjane alikwenda kule kwa miguu kuulizia, akaenda tena, mara ya tatu akaambiwa faili limehamishwa. Katambuga ya kushoto akaichomeka juu kwenye dari ya tembe, kati ya fito na udongo, ukiingia kwake kuomba moto unaiona soli imetazama chini, ile michirizi ya tairi ya lori, na mahali kisigino kilipoila.

Sisi watoto tukapaita pale korongoni "kwa marehemu". Tukawa tunashindana nani atapita bila kukimbia. Baadaye tukaanza kuigiza, mmoja anakuwa fundi, mmoja anakuwa muuaji na jiwe mkononi, wengine tunapiga kelele. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu kulala chini. Nimelala nimefumba macho nasikia wenzangu kimya, nafumbua, yule mama amesimama na ndoo kichwani anatoka kisimani. Hakutupigia kelele. Akatua ndoo, akamnyang'anya mwenzetu lile jiwe polepole, akaenda kuliweka kule kwenye mawe mengine, akaja akanipangusa vumbi mgongoni, akasema "Hapo ndo alipolala baba yenu." Akajitwika ndoo yake akaondoka. Mpaka leo nikisikia mtu anasimulia kifo cha mtu kwa kutia chumvi ile kiganja naisikia mgongoni.

Yule mama aliendelea kupita pale kila siku kwa sababu ndo njia ya maji. Angefanya nini? Korongo halikuua mume wake. Ila alipita kama mtu anayepita nyumbani kwa watu, na sisi tulipafanya uwanja. Hiyo tofauti ndo jibu langu kwako mwanangu, mengine yote ni maelezo.

Kwaiyo la picha za binamu, mkatalie. Mwambie Anti kakataza, anichukie mimi. Hakuna cha kupiga, hakuna alama, hakuna kibao, ni mapipa tu ya miaka 30 iliyopita, utakuwa unazunguka unapiga picha pipa lolote huku wenyeji wanakuangalia na kati yao pengine yupo aliyesoma naye darasa moja. Piga maua, piga ziwa, jipige selfi na yule tembo wa stesheni mtumie mama. Na ukiona mtu mzima kwenye benchi ukataka kumuuliza habari zile, usimuulize. Kama umekaa na mwenyeji mkazoeana na yeye akaanza mwenyewe, msikilize mpaka mwisho, sema pole, basi. Pole ya Kiswahili ina bahati, hata ukiisema kwa Kiingereza kibovu uso unaisema.

Mama naye usimpuuze. Anaposema damu imeachwa tu, hasemi uongo, damu ile kweli imeachwa, na anaogopa mtoto wake anaenda mbali peke yake kwa mara ya kwanza, hiyo kisirani ndo jina alilolipata la kuuita huo woga. Mwambie utakapofika pale utasimama kidogo umuombee yule mtu kwa dini yako, kimoyomoyo, kabla hujafungua karanga zako. Mwambie hivyo na ufanye hivyo kweli. Kule wametutangulia saa sita, ukimpigia saa moja jioni yako huku ni saa saba mchana ameshamaliza kula, mwonyeshe maji, mwonyeshe watoto. Akiona atatulia.

Vidogo vya safari: bustani haina kiingilio. Cheri za Tokyo kwa kawaida zinachanua mwisho wa Machi mpaka mwanzoni mwa Aprili na hazikai, zikifika kilele ni siku chache tu upepo unazichukua, kwaiyo usiseme utaenda wiki ijayo. Wikiendi ya maua ni msongamano, nenda asubuhi siku ya kazi kama ratiba inaruhusu. Beba mfuko wako wa taka, mji ule mapipa ya hadharani ni machache, maganda yako unarudi nayo hosteli.

Na usidhani haya ni ya Wajapani peke yao. Machi 1975 Kenya walimpoteza mbunge wao J.M. Kariuki, mwili wake ukakutwa huko Ngong na mchunga ng'ombe wa Kimaasai, Bunge likaunda kamati teule ikachunguza ikatoa ripoti, na hakuna mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa mauaji yale mpaka leo. Kila Jumamosi vijana wa Nairobi wanapanda vilima vya Ngong na chupa zao za maji na buti, wanapata upepo, wanashuka. Jina la JM lipo palepale, wazee wanalitaja kwa heshima na wengi wa hao vijana wanalijua. Mlima haujafungwa.

Nilipofika hapo nikamsomea kijana anayetupangia kurasa, akaacha kompyuta akanigeukia, *sasa Anti, yani leo huyo muuaji akijitokeza kule Japani akasema ni mimi, hawamfanyi kitu? Na sisi huku je?*

Swali zuri, nililiahidi pia hapo juu.

Wakati ule Japani mauaji yalikuwa na ukomo wa miaka 15. Ikipita hujashtakiwa, basi, mwendesha mashtaka hana nguvu tena, hata ukija na ushahidi mkononi. Mwaka 2005 wakasogeza ikawa miaka 25 lakini kwa makosa ya kuanzia hapo mbele, ya nyuma yakabaki na 15 yake. Ndugu wa waliouawa wakaungana, hawa ni wazazi na watoto ambao kila mwaka unapopinduka wao wanahesabu imebaki mingapi kabla aliyewaulia hajawa huru kisheria, fikiria kuhesabu hivyo, kwa wengine mwaka mpya ni mwaka mpya na kwao ni mmoja umepungua. Walilia na serikali yao mpaka tarehe 27 Aprili 2010 ukomo ukafutwa kabisa kwa mauaji ya kukusudia yanayoweza kuleta hukumu ya kifo, na sheria ikaanza kazi siku ileile, ikazibeba na kesi za zamani ambazo muda wake ulikuwa haujaisha.

Ambazo muda wake ulikuwa haujaisha. Ya Inokashira ilikuwa imeisha tarehe 23 Aprili 2009. Mwaka mmoja na siku nne. Nimehesabu kwenye kalenda mara mbili nikidhani nimekosea. Kwaiyo jibu ni ndiyo kijana wangu, hata akijitokeza leo, kwa mauaji yale hawawezi kumshtaki.

Na ili uone hizo siku zina uzito gani, Tokyo hiyohiyo kuna bustani nyingine inaitwa Soshigaya, wilaya ya Setagaya, pembeni yake kuna nyumba ambayo usiku wa tarehe 30 Disemba 2000 iliuawa familia nzima, baba, mama, binti wa miaka 8 na mdogo wake wa miaka 6. Aliyefanya alikaa mle ndani masaa, akaacha nguo zake, alama za vidole, mpaka vinasaba polisi wanavyo, na bado hajulikani ni nani. Kwa sheria ya zamani na hii ingefungwa Disemba 2015. Haikufungwa, sababu ni ile sheria ya 2010. Zawadi ya yeni milioni 20 ipo kwa atakayeleta habari ya kumpata, na kila Disemba askari wanasimama na vipeperushi mikononi wanawapa wapita njia. Zaidi ya miaka 20 na bado wanagawa. Mi nikifikiria wale askari na vipeperushi, nikifikiria na ule mfuko wa sukari wa katambuga, nakosa la kusema.

Kwetu Tanzania mauaji ya kukusudia hayana tarehe ya mwisho. Ni kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, adhabu yake iko cha 197, na hakuna mahali pameandikwa ikipita miaka kadhaa mshtakiwa aachwe. Ule ukomo mnaousikia wa miaka 12 ya ardhi, sijui miaka 6 ya mkataba, ni wa madai, sio wa jinai ya kuua mtu. Mtu akiua leo akahamia mkoa mwingine akazeeka akapata wajukuu, ushahidi ukipatikana anasimama kizimbani na mvi zake. Tatizo letu halijawa sheria kuisha muda. Tatizo ni mafaili kupotea, mashahidi kufa, na watu kukaa kimya, na hilo la kukaa kimya linanipeleka kwenye meseji ya mwisho ambayo niliipokea wiki tatu zilizopita na nimekuwa naizunguka.

*Anti naomba usiandike jina wala kijiji. Niko wilaya ya Kongwa. Nilipokuwa na miaka kumi kuna mtu aliuawa jirani na kiwanja tulichokuwa tunachezea mpira. Alfajiri ile nilitumwa kuita mbuzi waliotoroka nikamuona mtu ninayemjua anatoka upande ule anatembea haraka amefunga shati kiunoni. Sikusema, nilimwambia bibi tu akaniziba mdomo. Bibi amekufa. Huyo mtu yupo, tunasalimiana. Mama wa marehemu naye yupo, kazeeka sana. Sasa nina watoto na wao wanacheza mpira kiwanja kilekile na kila nikiwaona nalia. Nimeshachelewa?*

Hujachelewa mdogo wangu. Na pole, pole sana, umebeba hilo tangu una miaka kumi, bibi alikuziba mdomo kwa sababu alikupenda na aliogopa wangekufanya nini, usimlaumu na usijilaumu.

Sasa nisikilize taratibu. Kwanza chukua daftari uandike mwenyewe ulichokiona, kama ulivyokiona, mwanga ulikuwaje, ulikuwa umbali gani, shati rangi gani kama unakumbuka, na kama hukumbuki andika sikumbuki. Usiongeze. Wewe hukumuona akiua, ulimuona akitoka, hivyo ndivyo utakavyosema na si zaidi, maana inawezekana ndiye na inawezekana yeye naye alikuta mwili akaogopa akakimbia, kazi ya kujua ni ya wapelelezi. Weka tarehe na usaini.

Pili, usimwambie mtu kijijini. Hata rafiki wa kikoba, hata mchungaji kabla hujajua anatunza siri kiasi gani, na kwa mapenzi ya Mungu usimpe mtu mwenye chaneli. Nimeona watu wanapeleka ushahidi wa namna hii kwa wapiga vidio, kesho yake mtuhumiwa ameshaona kwenye simu ya mwanae, ameshahama.

Tatu, kama hukiamini kituo cha karibu au mtu huyo ana ndugu pale, si lazima uanzie hapo. Panda gari njoo Dodoma mjini ofisi ya RCO, mkuu wa upelelezi wa mkoa, sema nina taarifa ya mauaji ya zamani na nataka kuongea na afisa faragha, ukitaka afisa wa kike omba. Njoo na mtu mmoja wa kuaminika, kama huna mtafute msaidizi wa kisheria wa wilaya, hawa wanatambuliwa na sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 na huduma yao hulipii. Tangu 2015 tuna sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi, waambie mapema kwamba unaomba jina lako lilindwe, waambie kabla hujaanza kueleza, si baada ya kueleza. Ukipewa namba ya jalada iandike kwenye lile daftari lako na jina la aliyekupokea.

Huyo mtu endelea kumsalimia kama kawaida. Najua ni ngumu.

Watoto waache wacheze. Kiwanja ni chao, na kwa ulivyoniandikia naona hofu yako haiko kiwanjani, iko kwa yule mama mzee ambaye unapishana naye njiani na unajua kitu asichokijua. Usiende kumwambia kwanza, wala usimpe tumaini ambalo hujui kama litafika. Ila ukipita kwake mbebee kuni, kaa naye, mwache amtaje mwanae kwa jina kama anataka kumtaja. Yule mama wa kijijini kwetu alipozeeka alikuwa anamtaja mume wake kila mtu akiingia, alivyokuwa anapiga mluzi akinyoosha rimu, alivyokuwa hali mlenda usio na karanga, na hakuna aliyekuwa anakaa kumsikiliza mpaka mwisho.

Namba yangu unayo. Siku utakayotoka kwa RCO niandikie neno moja tu, "nimefika", usiandike kingine. Nitakuwa naisubiri.